Jina refu la mgonjwa lilivyonionyesha tundu kwenye plugin ya kliniki yetu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenipata mwenyewe hapa Bukavu, na sijaongeza chumvi.

Nimemaliza chuo, niko stage, yaani mafunzo ya kazini, kwenye kliniki ya X-ray. Kupata mkataba kunategemea chef, mkubwa wetu, atakavyoniona, kwa hiyo hata kufunga mlango nafikiria mara mbili.

Picha tunazifungua kwenye browser, kupitia plugin ya zamani, kiprogramu cha kuongezea, inayoandika jina la mgonjwa juu ya picha.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Kavumu, kifua kinamuuma. Maman Chantal wa mapokezi akaandika jina lake kama tunavyozoea huku, jina, postnom (jina la pili) na prénom (la ubatizo) pamoja: Nabintu M'Nyamugabo Marie-Espérance.

Browser ikajifunga. Akarudia. Ikajifunga tena, akamgeukia mgonjwa.

"Maman, jina yako iko murefu, machine inakataa. Tukate kidogo?"

"Mukate gani? Ya baba, ya bwana, ao ya padiri?"

Benchi zima likacheka. Maman Chantal akaandika "Nabintu Marie", kazi ikaendelea.

Mimi nikabaki nawaza. Akina Nabintu Marie wako wangapi mjini hapa? Picha ikimwendea mwingine je?

Halafu, kwa nini jina liangushe browser?

Nikajaribu jina lile kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Ni buffer overflow, wakuu. Plugin imetenga nafasi ndogo ya jina na haipimi urefu, kwa hiyo herufi zinazozidi zinamwagikia memory ya jirani. Mtu mbaya akizipanga vizuri, zinageuka amri. Na ukurasa wowote wa mtandao unaweza kuiita plugin hiyo!

Nikisema, wataona nimeharibu mimi. Nikinyamaza, picha za wagonjwa ziko wazi. Chai ilipoa mbele yangu.

Nikaenda kwa chef.

"Stagiaire, umeharibu nini tena?"

"Hapana, chef. Ilitengenezwa hivyo."

Nikamwonyesha inavyoanguka, kisha nikafungua picha ileile kwa programu ya kawaida iliyokuja na mashine ya X-ray. Jina lote likaingia.

Akalisoma jina lote kwenye kioo. "Basi, toa hiyo plugin."

Mama aliporudi kuchukua picha, alifuata jina lake kwa kidole hadi mwisho.

"Eeh. Sasa huyu ni mimi."

Mkataba bado sijaambiwa kitu, nami bado nawaza. Ila nimejifunza hivi: programu ikishindwa na jina la mtu, chunguza programu, usikate jina.

Kwenu huko mnakata nini ili mashine ikubali? Nawasoma.