Bakuli Halina Haraka

Siku ile nyumbani tulikuwa mimi, wadogo zangu wawili, na bibi jirani aliyekuwa akiuza mbaazi za nazi. Harufu ya tui la nazi likianza kuchemka hunirudisha pale kila mara.

Matanga ya mama yalikuwa yamekwisha, baba alishatangulia, nami nilikuwa nimeacha shule niwalee wenzangu. Bibi alituletea mbaazi katika bakuli la bati lenye maua mekundu. Tulikula mpaka tukaramba. Nikaliosha, kisha nikasimama nalo tu, kwa maana kwetu si adabu kumrudishia jirani chombo kitupu, na jikoni hamkuwa hata na limau.

"Bibi, sina cha kulitia."

"Kwani limekuaga? Kaa nalo, mjukuu wangu. Bakuli halina haraka."

Mdogo wetu wa mwisho akacheka, mara ya kwanza tangu maziko. Tangu hapo, viatu vikichelewa kununuliwa, tulisema bakuli halina haraka. Wadogo zangu wakalipeleka neno hilo madrasa, wenzao wakalifikisha sokoni. Juzi kule Ukunda kijana wa bodaboda asiyetujua kabisa alimtuliza abiria wake kwa neno hilohilo.

Bibi sasa yuko Bodo kwa mwanawe, na jana nimesikia hawezi kuinuka kitandani. Leo nimekuna nazi mapema.

"Si tungoje Jumapili ndipo twende, dada?" mdogo wangu ananiambia. "Bakuli halina haraka."

Napuliza moto. Bakuli liko kando yangu, limeoshwa, bado tupu.