Seva ya Sebuleni na Chai ya Asubuhi

Miaka ile tulipokuwa tunapokea wageni waliokuja kutalii kreta pale Karatu, hifadhidata yetu ya wageni ilikaa kwenye kompyuta ya sebuleni, tuliyoiita seva. Mke wangu aliifungua kutoka kwenye kompyuta yake, chumba cha nje, kwa waya niliopitisha juu ya banda la kuku. Kuna asubuhi ilifunguka, kuna asubuhi ilikataa katakata. Nililaumu waya, nikalaumu kuku, nikahangaika bandani nimenuna, na baridi ya mlima Oldeani inanichoma masikio.

"Baba watoto, siku ukiamka kabla yangu ukachemsha chai, inakubali," mke wangu aliniambia.

Nilimwona anatania. Lakini wageni hawangoji, basi wiki nzima niliwahi kuamka, nikawasha seva, nikampelekea chai. Ilikubali kila siku.

Ndipo nikaelewa. Umeme ulikatika karibu kila usiku, na ruta, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, ilisahau kila kitu. Asubuhi, kompyuta iliyowashwa kwanza ilipewa anwani ya kwanza, kama sisi na kiti cha karibu na jiko. Mke wangu akitangulia, kompyuta yake ilichukua anwani hiyo, ambako ilizoea kuitafuta seva, ikawa inajipigia hodi yenyewe.

Niliipa seva anwani ya kudumu, nikamwita aone, nimevimba kichwa kama mbunge mpya. Alijaribu, ikafunguka. Akanigeukia.

"Na chai?"