Mfagizi wa Wodi Anayeamsha Mikono Iliyolala

Saa tatu kasorobo asubuhi. Upepo umeingiza vumbi jeupe la ziwa mpaka ndani ya wodi, na Cheptanui amekwisha kulipangusa mara mbili. Anaegemeza ufagio ukutani, ananawa mikono, kisha anaketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha Nasimiyu, dobi wa mtaa wa Milimani aliyeungua mkono kwa pasi ya makaa.

Haugusi mkono huo. Kwanza anauliza umri.

"Labda ishirini na tisa," Nasimiyu anajibu. "Mama alinizaa mwaka wa nzige."

"Na asubuhi, kabla hujaenda kazini, mkono huu ulikuwa ukifanya nini?"

Nasimiyu anafikiri. "Kumsuka binti yangu nywele."

Cheptanui anatoa mfukoni nyuzi tatu za mkonge, anazifunga kwenye chuma cha kitanda. "Basi msuke."

Vidole vilivyokakamaa vinaanza kujongea, kimoja kimoja, huku machozi yakimtoka mwenyewe.

Katika orodha ya hospitali hii ya Nakuru, Cheptanui, mwenye miaka arobaini na minne, ameandikwa mfagizi. Mshahara wake ni shilingi sabini na mbili kwa mwezi, sawa na wafagizi wenzake. Alizaliwa Kabazi, binti wa mkamuaji wa ng'ombe. Alipofiwa na mume, mwaka 1951, alikuja mjini na kupewa ndoo na ufagio. Kazi hii nyingine hakufundishwa na mtu.

"Nikifagia chini ya vitanda nilikuwa nawasikia wagonjwa wakiongea," anasimulia. "Nikaona kwamba maumivu hayana umri, lakini hofu inao. Kijana anaogopa hataoa. Mwenye watoto anaogopa watalala njaa. Hofu ya mzee sikuijua mpaka alipoletwa mzee Kiprugut."

Kiprugut aliletwa mwaka jana, 1956, juu ya lori la maziwa, kutoka shamba moja karibu na Subukia. Alikuwa amekamua ng'ombe wa watu kwa miaka thelathini na mmoja. Kiharusi kilimwangusha zizini, ndoo ikiwa nusu, na mkono wake wa kulia ukabaki kama nguo iliyoanikwa.

Siku kumi na tisa aligeukia ukuta. Uji aliurudisha. Cheptanui alipompa sufu asokote, kama alivyowapa wengine, aliitupa chini.

"Hiyo ni kazi ya wasichana, mama. Niache."

Ikaja habari mbaya zaidi. Kipkemei, nyapara wa shamba, alifika na ujumbe wa mwenye shamba: mwezi ukiisha mzee hajarudi kukamua, nyumba yake kwenye laini, safu ya nyumba za wafanyakazi, atapewa mwingine. Mkewe na wajukuu watano watafute pa kwenda.

Mchana mmoja, wodi ikiwa imetulia baada ya chakula, Cheptanui alipita akamwona mzee amesinzia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukicheza juu ya blanketi. Kidole gumba na cha shahada vilibana, vingine vikafuata vikishuka kwa zamu. Binti wa mkamuaji hakuhitaji kuambiwa. Mzee alikuwa zizini.

Akaenda kwenye pipa la taka, akaokota glavu ya mpira iliyopasuka kifundoni. Akaiosha, akatoboa ncha za vidole kwa sindano, akaijaza maji, akaifunga kwa bandeji kwenye ukingo wa kitanda. Chini yake akaweka bakuli.

Kiprugut alipoamka aliitazama.

"Ng'ombe gani huyu?"

"Ni wako, mzee. Hajakamuliwa tangu uje."

Siku ile hakikutoka kitu. Wala kesho yake. Alikuwa akiubeba mkono wa kulia kwa wa kushoto, anauning'iniza pale kwenye mpira, unaanguka. "Chuchu ngumu hizi," alinung'unika. "Ng'ombe kama huyu huuzwa." Lakini uji alianza kunywa.

Siku ya ishirini na tatu tangu aletwe, kidole gumba cha kulia kilibana. Tone moja likaanguka bakulini, na wodi nzima ikalisikia. Sista aliyekuwa na trei ya dawa alisimama palepale. Likaanguka la pili.

"Niliuweka ufagio chini," Cheptanui anasema, akishika mikono yake. "Niliona mtu akirudi kutoka mbali, kwa miguu."

Kwenye kitanda cha jirani alilala Kang'ethe, seremala kijana aliyeanguka kutoka paa. Akaomba kujaribu. Kiprugut akamfokea: "Nawa kwanza! Utawapa watoto wa watu uchafu?" Kisha akamwonyesha, kidole kwa kidole. Cheptanui alikuwa akimweleza mzee jinsi maziwa mabichi yanavyoleta magonjwa; sasa mzee akayahubiri mwenyewe, kitanda hadi kitanda: nawa, osha kiwele, chemsha maziwa.

Ndipo Cheptanui alipoielewa hofu ya mzee: kufa na ujuzi ambao hakumwachia mtu.

Mwezi ulipoisha Kipkemei alikuja kutoa neno la mwisho. Alimkuta Kiprugut ameketi, wagonjwa wanne wamemzunguka, anafundisha. Nyapara alivua kofia akasikiliza hadi mwisho. Kwa mkono ule mzee asingeweza tena kukamua ng'ombe ishirini, hilo lilionekana wazi. Siku tatu baadaye jibu la mwenye shamba likaja: arudi, asikamue, afundishe vijana.

Leo, Kiprugut anasema, nyumba kumi na moja kati ya kumi na nne za laini yake huchemsha maziwa. "Tatu bado ni wabishi," anasema. "Naenda kwao kila Jumapili."

Daktari amemwambia Cheptanui kwamba ng'ambo kuna watu wanaosomea kazi hii ya kuamsha mikono miaka mitatu. "Miaka mitatu!" anashangaa. "Wamebahatika." Yeye mwenyewe ameanza kusoma ngumbaru, na ameahidiwa stoo tupu nyuma ya wodi.

Humo anataka kujenga meko, anunue sufuria na mwiko, maana wanawake wengi wanaolazwa wanatamani kupika tena.

"Ugali wa kwanza utakuwa na madonge," anasema, akiuchukua ufagio wake. "Tutaula hivyo hivyo."