Foleni ya Mavis Sugden

Mavis Sugden alikuwa mwanamke wa kurudi nyumbani. Akifika getini, anarudi kuangalia kama amezima gesi. Akifika kona ya duka la samaki na chipsi, anarudi kutikisa kitasa cha mlango. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, yote ya hapa hapa Halifax, na ukitoa muda wa kurudi kuangalia pasi, sijui kama ameishi hamsini. Miaka thelathini aliwapakulia watoto wa shule kastadi. Jioni alimtunza mama yake, na mama ndiye aliyeamua kila kitu: rangi ya mapazia, siku ya kufua, na kwamba Mavis hakuumbiwa ndoa. Mama alipofariki, Mavis akabaki na nyumba, maua ya kanisa la Methodisti aliyoyapanga kila Jumapili, na wasiwasi.

Alikuwa pia na basi namba thelathini na saba, lile la saa mbili na dakika ishirini asubuhi, lililompeleka mjini kwenye duka la mitumba alikojitolea. Dereva wake aliitwa Norman Oldroyd, mgane mwenye masikio makubwa na sauti ya taratibu. Kama madereva wote wa huku kwetu, kila abiria kwake ni "mpenzi": ajuza, polisi, hata fundi bomba mwenye ndevu hadi kifuani. Mavis peke yake ndiye aliyemwita Mavis. Ilimchukua mwanamke huyu miaka minne kuligundua hilo, na alipoligundua hakulala siku mbili.

Basi Jumamosi moja ya Januari, basi likiwa halina mtu mwingine, Norman alisimama kwenye taa nyekundu akageuka.

"Mavis, mwezi wa tatu nastaafu. Nimefikiria sana. Kuchemsha chai ya mtu mmoja kumenichosha. Unaonaje tukioana?"

"Nashuka hapa," Mavis akasema.

Jamani, hapakuwa hata na kituo! Alitembea maili mbili kwenye mvua, viatu vikilia chwa-chwa, akijitukana kwa sauti. Alimpenda yule mwanamume, alimpenda sana. Ila ulimi ulikuwa umegoma, na hakujua ataupata wapi tena.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida yake. Nyuma yake alisimama jirani yake Doreen Haigh, mwanamke mwenye mdomo usiokaa na kitu, na nyuma ya Doreen watu kumi hivi. Basi likaja. Wikiendi ile mafundi walikuwa wamelibandika tangazo ubavuni, maandishi ya waridi makubwa kama milango: JUU HAKUNA ANAYEKUTAZAMA. ACHA WASIWASI, ISHI.

Mlango ukafunguka. Norman akamtazama Mavis. Mavis akatazama viatu vyake.

Nusu dakika ikapita, mguu haukuinuka. Na nyuma yake, je? Hakuna aliyesogea. Kumpita mtu kwenye foleni, huku kwetu, ni kosa kubwa kuliko kumkana Mungu. Watu walikohoa, wakatazama saa, wakaitazama mvua. Norman akafungua kinywa, akakifunga, akafunga na mlango. Basi likaondoka tupu.

"Hongera, shoga yangu!" Doreen alimrukia. "Nimeliona lile tangazo la makafiri. Nikasema, Mavis hapandi! Na kweli hukupanda!"

"Tangazo?" Mavis akasema. Hakuwa ameliona.

Angesema nini? Kwamba amemkimbia dereva? Mbele ya Doreen? Alinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomponza. Walipanda basi lililofuata dakika arobaini baadaye, na kabla halijafika mjini Doreen alikuwa ameshampigia simu mchungaji.

Jumanne ikawa vile vile. Jumatano gazeti la mji likatoa picha yake na kofia yake ya sufu: BIBI AMGOMEA SHETANI. Neno bibi lilimuuma kuliko shetani. Mchungaji Thackray naye akaja kituoni na chupa ya chai na mikate iliyotiwa vipande vya tango. Akaanza kwenda mbele, watu wakamtolea macho, akarudi zake mwisho wa foleni na kutoka huko akatangaza kwamba Dada Mavis ni nguzo.

Alhamisi wakaja wale wengine, wasioamini Mungu, wenye lile tangazo. Kiongozi wao alikuwa Bwana Lumb, mwalimu mstaafu wa kemia, amebeba bango: PANDA, MAMA, UKO HURU. Na yeye je, alipita mbele? Thubutu! Alijipanga nyuma ya mchungaji. Sasa foleni ilikuwa na watu arobaini, ikazunguka hadi kwenye bucha.

"Nyinyi hamuamini chochote," mchungaji alimwambia.

"Tunaamini ushahidi. Hiyo mikate ina siagi?"

"Ina siagi nyingi. Chukua."

"Ahsante. Nimechelewa kunywa chai kwa ajili ya huyu mama yenu."

Basi likaja, Mavis akatazama viatu, basi likaenda. Wengine wakapiga makofi, wengine wakazomea, na wote wakachelewa kazini.

Jioni ile Doreen alimletea habari mlangoni huku akihema kwa furaha.

"Tumeshinda, shoga! Kampuni imesalimu amri. Kuanzia Jumatatu lile basi na dereva wake wanahamishiwa upande wa pili wa bonde. Hatutawaona tena!"

"Na dereva?"

"Na dereva. Masikio na yote."

Mavis alifunga mlango, akakaa kwenye ngazi na koti lake. Alilia, na hakujificha, kwani angemficha nani? Alijua mambo mawili. Akipanda kesho, kanisa zima litasema amemkana Mungu, na maua atapewa Doreen, asiyejua hata kukata shina. Asipopanda, Norman atachemsha chai ya mtu mmoja ng'ambo ya bonde hadi afe, na yeye huku vivyo hivyo.

Ijumaa aliamka, akavaa kofia ya sufu, akatoka. Foleni ilikuwa imeshajipanga, na nafasi ya kwanza ameachiwa. Kama juu kuna anayetazama au hakuna, hapa chini walikuwa watu arobaini, na mpiga picha mmoja.

Basi likaja. Mlango ukafunguka. Norman hakumtazama, alishika usukani akitazama mbele, masikio mekundu.

"Simama imara, dada!" mchungaji akapaza sauti toka nyuma.

"Panda, mama!" akadakia Lumb.

Mavis akainua mguu. Doreen akatoa mlio ambao sijui niuiteje. Mguu wa pili ukafuata.

"Ndiyo," Mavis akasema.

"Ndiyo nini?" Norman akauliza.

"Ile ya Jumamosi."

Norman, Mungu ambariki, si mwepesi. Alikunja uso, akahesabu siku kwa vidole, kisha uso ukamfunguka wote.

"Kwa hiyo siku zote hizi hukuwa umegoma?"

"Nilikuwa naogopa, wewe mwanamume! Nakubali. Nitakuoa, utanioa, vyovyote. Sasa endesha, watu wananitazama."

Lakini hakuweza kuondoka, maana wa kwanza akishapanda, foleni hupanda. Wakaingia wote arobaini, mmoja mmoja, kila mtu na nauli yake: Doreen mdomo wazi kwa mara ya kwanza bila neno, wafanyakazi waliochelewa wiki nzima, mchungaji na chupa yake, Lumb na bango ambalo lilikwama mlangoni mpaka mchungaji akamsaidia kuliinamisha.

"Dada Mavis," mchungaji akasema alipofika kwenye kiti cha Mavis, "na lile tangazo?"

"Mchungaji, juu yupo anayetazama, na nadhani wiki hii amecheka sana. Ila hilo la wasiwasi, hapo wamesema kweli."

Basi likapanda kilima. Kwenye kona ya duka la samaki na chipsi Mavis alishtuka, akainuka nusu kitini. Hakurudi kutikisa kitasa. Hakukumbuka hata kama amefunga mlango.

Norman alimwona kwenye kioo. "Mavis? Unashuka hapa?"

"Hapana," akasema. "Nenda."