Vyuma vya Pangoni

Mpaka leo nikisikia mtu anasema vyuma vile vililetwa kwa ajili ya wazee, hasira inanipanda. Nilikuwepo. Mzee aliyetajwa kwenye mkutano alikuwa mama yangu mzazi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulikuwa tumehamishiwa chini ya vilima vya mawe, upande wa Shinyanga. Kiangazi kikikaza, visima vilikauka na maji yakabaki pangoni tu. Pango lenyewe lilishuka wima. Wanawake tuliingia peku, kila mmoja akajibana kwenye mwamba juu ya mwenzake, na vibuyu vikapanda mkono kwa mkono mpaka nje. Peke yako hutoki na maji. Na kibuyu cha kwanza kilikuwa cha asiyeweza kushuka: mjamzito, mgonjwa, mzee. Mama, ambaye nyonga yake ilikuwa imeharibika, alikaa pale mlangoni, akapokea chake, kisha akaanza kututania kwamba tunajikokota.

Mwenyekiti wa kijiji aliona hayo ni mateso. Alipata vyuma kutoka kwenye machimbo ya dhahabu yaliyofungwa kule Geita, akataka vipigiliwe kwenye mwamba viwe ngazi, ili hata mama yangu ajitekee. Nilisimama pale mkutanoni nikapinga. Niliuliza atakanyagaje ngazi kwa nyonga ile.

"Atazoea, ndugu," akanijibu.

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu ndiye aliyepiga kuliko wote, maana alisema amechoka kungoja kundi zima ndipo apike.

Vyuma vikapigiliwa. Mama alijaribu, namsifu kwa hilo. Alishika chuma, akateremsha mguu mzima, ule mbovu ukagoma, tukamvuta juu anatetemeka. Basi akarudi kukaa mahali pake na kibuyu chake. Siku moja nilitoka shamba la pamba mchana nikapitia pale. Wanawake walikuwa wanapanda mmoja mmoja, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Wanamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kisha wanapita. Heshima tele, maji hakuna. Kila mtu alikuwa amejitekea mwenyewe, na asiyejitekea alikuwa mvivu au hana bahati. Mama alikuwa hapo tangu asubuhi, midomo imemkauka, kibuyu kitupu mapajani.

Chuma cha juu kabisa kilikuwa kipana kama benchi. Nikakikalia, mgongo kwenye mwamba huu, miguu kwenye mwamba ule.

"Tupishe!" wakapiga kelele walio chini.

"Sipishi. Pitisheni maji kwa mikono kama zamani. Ya kwanza ni ya mama."

Jirani yangu alinitukana mpaka akaishiwa matusi. Halafu akainua ndoo yake. Niliipokea nikamjazia mama kibuyu, kisha nikapokea iliyofuata, na iliyofuata. Hawakufurahi, wala sikuwaomba wafurahi.

Mwenyekiti alikuja mbio, shati limelowa jasho. "Ondoka hapo! Unazuia mali ya kijiji!"

"Na maji ni mali ya nani?"

"Nitaita mgambo!"

"Waite. Waje na kiu yao."

Nilikuwa naogopa, sikatai. Mgambo wa siku hizo hawakuwa watu wa mchezo. Lakini makalio yangu hayakuwa na habari na hofu yangu, nikabaki palepale.

Mama alimaliza kunywa, akajifuta midomo kwa pindo la khanga. Akajiburuza taratibu mpaka ukingoni.

"Sogea, mwanangu, nipate pa kukaa."

Nikasogea, nikamshika kiuno. Akakaa kwenye chuma alichowekewa, miguu inaning'inia pangoni. Mwenyekiti akamtazama, sauti ikamshuka.

"Mayu, tafadhali."

Mama akamnyooshea kibuyu, kilichokuwa kitupu tena.

"Shuka ukanijazie, baba. Wewe tutakupisha."