Vali ya Mama na Hema la Mkurugenzi

Mama alizimia kanisani Ndabibi katikati ya matangazo, na waumini wenzake wakafurahi. Walidhani ameshukiwa na Roho. Akina mama wawili walimpepea kwa leso huku wakisifu, na mzee wa kanisa akaendelea kusoma habari za mabati ya paa. Mimi niliona midomo ya Mama imekuwa rangi ya majivu. Nikaomba pikapu ya jirani, tukampeleka Nakuru.

Daktari wa moyo katika hospitali moja ya kibinafsi, kijana mwenye sauti ya chini, alituonyesha picha kwenye skrini. Vali inayotoa damu moyoni ilikuwa imekakamaa, haifunguki vizuri. Alisema siku hizi vali mpya inakunjwa, inapitishwa ndani ya mrija kutoka mshipa wa paja hadi moyoni, kisha inafunguliwa huko huko bila kupasua kifua. Hospitali yao ilikuwa karibu kuanza kazi hiyo.

"Na hiyo kitu ikikwama," Mama akauliza, "nani atanifungua kifua?"

"Hapa hatuna daktari wa kupasua moyo, mama. Wako Nairobi. Lakini ni nadra sana kuhitajika."

"Nadra ni mimi ama ni mwingine?"

Kijana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alituma faili la Mama kwa hao wapasuaji wa Nairobi. Majibu yalirudi: figo na mapafu yake hayawezi kuhimili kupasuliwa, afanyiwe kwa mrija, asubiri foleni ya huko kwao. Daktari alituambia waziwazi kwamba haoni Mama akifika mwisho wa foleni hiyo.

"Kwa hivyo huyo wa kuniokoa ndiye amenikataa," Mama akasema. "Basi nifanyie hapa."

Kaka yangu, anayeishi ng'ambo na hajamwona Mama kwa miaka sita, alipinga kwa simu. Alikuwa ametazama video kadhaa, kwa hivyo alikuwa mtaalamu. Mama aliiweka simu mezani ikiendelea kuongea, akatoka kulisha kuku.

Siku yenyewe ilipofika nilikuta hospitali imevaa kama bibi harusi. Kulikuwa na hema jeupe, viti vyenye vitambaa, keki yenye umbo la moyo, na bango lililoandikwa kwamba historia inaandikwa leo. Mama alikuwa mgonjwa wa kwanza. Alilala kwenye kitanda cha magurudumu, hajala tangu jana yake, akisubiri mkurugenzi wa hospitali amalize kupigwa picha naye.

"Tabasamu, mama," mpiga picha akasema.

"Nikitoka nitatabasamu."

Walipomwingiza ndani, nilitoka kwenda kutafuta ambulensi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba vali ikienda vibaya kwa namna ambayo wao hawawezi kurekebisha, Mama atakimbizwa Nairobi kwenye vifaa zaidi vya mrija, na gari litakuwa tayari. Kweli lilikuwepo. Lilikuwa limefungwa utepe mwekundu, limeegeshwa ukutani nyuma ya jukwaa, na mbele yake hema zima na wageni wake.

Dereva alikuwa amekaa ndani akinywa chai.

"Boss, ukiitwa sasa hivi utatokea wapi?"

Alitazama mbele kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona hilo hema. "Itabidi watoe tenti kwanza, madam."

Nilimwendea mwanamke aliyesimamia sherehe. Akaniambia mkurugenzi amebakisha aya mbili tu za hotuba. Mimi ni mwalimu. Najua aya mbili za mtu mwenye maikrofoni. Nikarudi kwa dereva, tukaanza kung'oa vigingi vya upande wetu, yeye kulia, mimi kushoto. Hema likalegea polepole, likamshukia mkurugenzi kichwani alipofika kwenye neno "usalama". Wageni walihama na viti vyao, keki ikahamishwa, na gari likageuzwa kutazama lango. Mkurugenzi hajawahi kunisalimia tangu siku hiyo, na sijapungukiwa.

Ambulensi haikuhitajika. Baada ya muda ambao sikuwa na nguvu ya kuuhesabu, daktari alitoka, fulana imelowa jasho mgongoni.

"Imekaa vizuri. Kuna wakati mapigo yalishuka sana, tukamsaidia kwa waya wa kuuchochea moyo. Sasa moyo unapiga wenyewe."

Niliketi sakafuni pale koridoni. Nikamshika mkono.

Jioni daktari alikuja kumwona Mama, ambaye tayari alikuwa akilalamika kwamba uji una sukari nyingi.

"Uliogopa?" Mama akamuuliza.

"Niliogopa, mama. Yale mapigo yaliposhuka."

"Mlinitia ganzi pajani tu, nilikuwa macho, nilikuona. Ulinyamaza ukafanya kazi." Akamsogezea kikombe. "Kunywa huu uji, wewe ndiye hujala."

Akaunywa wote akiwa amesimama, kisha akaenda kuandika kwenye faili.