Mama Anakulaga Jikoni

Juzi nilifungua droo ya cherehani ya marehemu baba, na kabla sijaona kitu harufu ikanipokea: mafuta ya mashine, vumbi la pamba, na chaki ya fundi. Kipande chenyewe kilikuwa pembeni, cha bluu, kimeisha hadi kubaki kama ukucha. Wengine wakinusa chaki ya fundi hukumbuka nguo za Krismasi. Mimi, mniwie radhi, nilikumbuka vitenzi vya Kisanskriti.

Najua mnacheka. Hata mume wangu alicheka. Lakini kaeni kidogo niwaeleze.

Sisi asili yetu ni upande wa Butiama, ila nilikulia Musoma, ambako baba alishona nguo barazani kwa duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Miaka ile ya uhaba ninayoisema, kuliita duka la vitambaa ilikuwa heshima tu. Rafu zilikuwa tupu. Yalibaki makadibodi marefu ambayo zamani majora yalizungushiwa. Baba aliishi kwa kugeuza kola za mashati, upande uliochakaa akauficha ndani, mzima akauleta nje. Sabuni tuliijua kwa jina. Unga ulikuwa ule wa njano wa mgao wa duka la kaya, tulioubatiza unga wa Yanga kwa rangi ya jezi zao, nao tuliupanga foleni. Nikitoka shule nilipita pale kumsubiri baba, nikicheza na Nila, mjukuu wa mwenye duka, tuliyelingana naye umri.

Bibi yake Nila tulimwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Alikuwa mwembamba na mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi wa cherehani. Baba yake huko Bara Hindi alikuwa kuhani wa hekalu, akamfundisha Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko yao, wakati wasichana wengine hawakufundishwa kitu. Sasa vitambaa vya kuuza havikuwepo, wala daftari za kuandikia, basi Ba akaazima chaki ya baba na kuanza kumfundisha Nila juu ya yale makadibodi. Nami nikafundishwa kwa kuwa nilikuwa karibu. Ba hakuvumilia mtoto aliyekaa bure.

Alichora visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Mstari wa juu ulikuwa wa yule anayesemwa, wa kati wa yule unayesema naye, na wa chini ulikuwa wako mwenyewe. "Wewe mwisho," alisema. "Adabu." Sanduku la kwanza la kila mstari lilikuwa la mtu mmoja, la tatu la watu wengi, na hapo kati, jambo lililonishangaza, watu wawili walikuwa na chumba chao peke yao. Pachati, anapika. Pachatah, wanapika wawili. Pachanti, wanapika wengi. Ukashuka hivyo mpaka chini: pachami, pachavah, pachamah. Mimi na Nila tulivichora visanduku hivyo kwenye saruji ya baraza tukavirukia kwa mguu mmoja tukiimba, mpaka baba akalalamika kwamba chaki yake inaisha.

"Kitenzi ni panya," Ba alipenda kusema. "Mshike mkia." Akatuonyesha jinsi mkia unavyogeuza maana: pachati, anapika kwa ajili ya wengine, pachate, anapika kwa ajili yake mwenyewe. Sauti ndogo tu mwishoni, na chakula kimehama kwenda kinywa kingine.

Habari za mikia zilinigusa, maana shuleni nilichapwa kwa mkia. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa Tanga, na alitangaza vita na ile ga yetu watu wa Mara: nilikuwaga, tunaendaga, anasemaga. Kila ga fimbo moja ya kiganja. Nilipokwisha kuumia vya kutosha, nikawa askari wa ga nyumbani. Mama alitutengea ugali, akafanya ishara ya msalaba pamoja nasi, kisha akasimama.

"Kuleni. Mimi nakulaga jikoni."

"Mama, si nakulaga. Sema, huwa ninakula."

"Haya mwalimu. Huwa ninakula jikoni."

Alisema vizuri kabisa. Nikaridhika, nikamega tonge.

Siku moja Ba alikuwa akitupima, akaninyooshea chaki. "Nyangi. Mama yako pachati au pachate?"

Nilitaka kuonyesha kwamba najua yote mawili. "Vyote, Ba. Sisi anatupikia, halafu yeye anakulaga jikoni."

Nila alicheka ile ga ilivyonitoka. Ba hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Umemwona?"

"Kumwona vipi?"

"Akila. Kwa macho yako."

Nilichokumbuka ni mgongo wake tu, akielekea jikoni.

Jioni ile, baada ya kula, nilienda nikachungulia kwenye upenyo wa mabanzi ya jiko. Mama alikuwa amemimina maji kwenye sufuria iliyopikiwa ugali, anakwangua ukoko kwa mwiko. Akayanywa yale maji yote, akafuta midomo, akakaza mkanda wa khanga tumboni. Kisha akampakata mdogo wangu mchanga kumnyonyesha. Mtoto huyo siku zile alilia mno, na majirani walikuwa wameshauri kila dawa. Akavuta ziwa, akaliacha, akalia. Mama akamwambia, "Vumilia, baba."

Nilihisi aibu iliyonichoma kuliko fimbo ya mwalimu. Mama yangu alikuwa na njaa, na mimi nilimsahihisha sarufi.

Kesho yake nikamweleza Ba, huku nikijiona nimetoa siri ya nyumba. Akaingia ndani. Baadaye alitoka barazani, kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa.

"Fundi, mkono unauma. Mwambie Mama Nyangi aje kunisaidia kukanda unga."

Baba asingekubali kupewa chakula cha bure hata angetambaa kwa njaa. Lakini mkono wa mama mzee unaouma, nani atakataa? Mama akaja, mtoto mgongoni. Wakakanda mikate ya mtama, wakachemsha dengu. Vilipoiva, Ba akapakua sahani ya kwanza akampa mama.

"Asante, Ba. Mimi nakulaga nyumbani."

"Hapa kwangu anayepika anakula kwanza, mbele ya macho yangu. Desturi."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Mama alinitazama, nami nikatazama sakafu. Huko barazani cherehani ilikuwa imenyamaza. Baba akasema bila kugeuka, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Kula, Mama Nyangi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Mama akala. Alianza polepole, kisha akasahau kwamba tunamwangalia.

Alirudi mara tatu kwa wiki, miezi mingi. Kitambaa cha Ba siku nyingine kilikuwa mkono wa kulia, siku nyingine wa kushoto, na hakuna aliyeuliza. Mtoto akaacha kulia usiku, akaota mashavu. Siku moja nikajitapa, "Ba, leo mama pachati." Alitikisa kidole chenye unga, akagonga sanduku la katikati kule chini kwenye kadibodi.

"Pachavah," akasema. Sisi wawili tunapika.

Baadaye bidhaa zilirudi, mitumba ikamwagwa sokoni Mwigobero, na familia ya Nila ikahamia Mwanza, ambako Ba alifia. Nilikutana na Nila huko tukiwa watu wazima, nikamsifia ile desturi yao nzuri ya mpishi kula kwanza. Alinishangaa.

"Desturi gani? Kwetu mpishi haonji hata chumvi mpaka chakula kitolewe kwa Mungu, na watu wote wawe wamekula. Ba ndiye aliyekuwa mkali wa hilo kuliko wote."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Bibi yule aliivunja sheria ya baba yake kuhani, mara tatu kwa wiki, akaiita desturi ili mama yangu asione haya. Sikuwahi kumshukuru. Namshukuru sasa.

Mama ninaye hapa kwangu Nyasura, Bunda. Amezeeka, lakini siku akijisikia nguvu hukataa kukaa, tukapika naye. Chakula kikishatengwa anasimama, anajifunga khanga, anasema, "Kuleni. Mimi nakulaga jikoni."

Siisahihishi tena ile ga. Nachukua sahani mbili, namfuata, navuta kigoda, nakaa mbele yake.